Kilichofukiwa Ardhini ni cha Nani?



Wazee wa kanisa wameletewa swali, nasi tumeona vema tulijibu mbele ya wote. Limetoka kwa kijana aliyekulia hapa kwetu, ambaye familia yake ilipelekwa Marekani. Huko amenunua mashine ya kutafuta vyuma chini ya ardhi. Baadhi yetu tuliiona mashine ya namna hiyo kwa mara ya kwanza mikononi mwa watu wanaotegua mabomu. Unaipitisha juu ya udongo, nayo ikilia unajua kuna chuma, shaba au fedha. Wenzake huitumia kutafuta sarafu za zamani na kuziuza.

Karibu na kwao kuna hifadhi ya kihistoria, mahali palipopiganwa vita zamani. Bango limewekwa kukataza mashine hizo. Kijana anauliza: “Waliodondosha sarafu hizo wamekufa zamani sana. Hakuna anayezitafuta. Nikiziokota, nimemwibia nani?”

Swali hili si la kitoto. Tulipolizungumza baada ya ibada hatukukubaliana. Wengine walisema sheria ni sheria, basi. Wengine walisema matajiri wanalinda senti za marehemu na kuwanyima walio hai. Sisi tunaona kila upande una neno lake, lakini tuanze na neno la kijana mwenyewe, kwamba mwenye mali hayupo.

Hebu tujiulize sisi. Wangapi kati yetu, usiku ule wa kukimbia, tulifukia kitu? Mmoja alifukia sufuria na majembe nyuma ya nyumba. Mwingine alifukia fedha ndani ya kopo, mwingine hati ya shamba kwenye mfuko wa nailoni. Leo mtu akipita pale na mashine yake, atasema hakuna mwenyewe. Lakini mwenyewe yupo. Yuko hapa, anapanga foleni ya posho, na bado anakumbuka ni hatua ngapi kutoka kwenye mwembe.

Hazina nyingi za zamani zilifukiwa na watu wa namna hiyo. Huko Uingereza, katika kijiji cha Hoxne, mnamo Novemba 1992, mtu mmoja alikuwa akitafuta kwa mashine nyundo iliyopotea shambani. Mashine ikalia. Akakuta vijiko vya fedha, mapambo ya dhahabu na sarafu. Alitoa sehemu ya vitu hivyo, kisha akaacha kuchimba, akatoa taarifa. Wataalamu wakaja wakachimba kwa uangalifu. Walihesabu sarafu zaidi ya 14,000, zilizofukiwa baada ya mwaka 407, wakati utawala wa Warumi ulipokuwa ukivunjika nchini humo na watu hawakujua kesho itakuwaje.

Kwa kuwa udongo haukuvurugwa, wataalamu waliona mambo mengine pia. Vitu vilikuwa vimepangwa ndani ya sanduku la mbao, vingine vimefungwa kwa kitambaa, na kulikuwa na vikufuli vidogo vya fedha. Bangili moja ilikuwa na jina la mwanamke, Juliana. Anayefunga kufuli anatarajia kurudi kufungua. Watu wale walitarajia kurudi, wala hawakurudi. Je, kuna asiyewaelewa kati yetu?

Sasa mtu atasema, “Sawa, lakini Juliana hawezi kurudishiwa bangili yake.” Ni kweli. Hapo ndipo Kumbukumbu la Torati 22:1-3 hutusaidia. Sheria ile inamwagiza Mwisraeli amrudishie ndugu yake ng’ombe au kondoo aliyepotea. Kama ndugu huyo yuko mbali, au hajulikani, amweke mnyama nyumbani kwake mpaka mwenyewe aje kumtafuta. Na ndivyo iwe kwa vazi na kwa kila kitu kilichopotea. Tazameni vizuri. Kutomjua mwenye mali hakumfanyi aliyeokota kuwa mwenyewe. Kunamfanya kuwa mtunzaji. Na mtunzaji hukaa na kitu kwa niaba ya mwingine, hata kama kungoja kutachukua vizazi.

Mtunzaji wa sarafu ya hifadhini anamtunzia nani basi? Anawatunzia wale ambao habari zao zimo ndani ya udongo ule, na watoto watakaotaka kuzijua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa vitu vya kale, udongo ndio daftari. Sarafu ikijulikana ilikuwa wapi, kwa kina gani na kando ya nini, inasimulia. Ikishatiwa mfukoni bila kuandikwa chochote, inabaki kipande cha chuma chenye bei.

Huko huko Marekani, jimboni Montana, kuna hifadhi ya Little Bighorn. Mwaka 1876 wapiganaji wa Lakota na Cheyenne waliwashinda hapo askari wa jemadari Custer. Kwa miaka mingi masimulizi ya Wahindi Wekundu waliokuwepo hayakupewa uzito mkubwa. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za mahali pale, na katika mwaka 1984 na 1985 wataalamu wakaingia pamoja na watu wa kujitolea wenye mashine hizi hizi za kutafuta vyuma. Kila risasi na kila ganda lililopatikana liliwekewa alama na kuandikwa kwenye ramani. Ramani ile ikaonyesha wapiganaji walisimama wapi na walikuwa na bunduki za aina gani. Ikaunga mkono mengi waliyoyasema wale ambao neno lao lilidharauliwa. Kama waokotaji wangalikuwa wamevimaliza vitu vile kimoja kimoja, shahidi yule asingesema kitu.

Hivyo mashine haina dhambi. Kosa ni kuchukua kwa siri katika mahali palipotengwa kwa ajili ya wote. Ndiyo sababu Marekani ilitunga mwaka 1979 sheria ya kulinda vitu vya kale, vyenye miaka 100 au zaidi, katika ardhi ya serikali kuu.

Lakini je, maskini ananyimwa? Hoja hii hatuipuuzi, kwa maana njaa tunaijua. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1996 inamtaka aliyepata hazina aitangaze katika siku 14. Makumbusho yakiitaka, hulipa thamani yake, na kwa kawaida aliyeipata hugawana na mwenye shamba. Yule wa Hoxne alipata malipo yake, akamgawia mkulima, na hata ile nyundo imewekwa makumbushoni. Mwaka 2015 watu wawili walipata hazina nyingine, katika eneo la Herefordshire, wakaificha na kuanza kuiuza. Inadhaniwa sarafu zilikuwa kama 300, na nyingi hazijaonekana. Zile chache zilizopatikana zinaonyesha wafalme wawili wakiwa pamoja, na zimebadilisha jinsi wataalamu wanavyoueleza uhusiano wao. Mwaka 2019 watu wale walifungwa gerezani. Wangetangaza, wangelipwa kwa halali.

Wengine watatukumbusha Mathayo 13:44, yule aliyekuta hazina shambani. Bwana wetu alikuwa akifundisha thamani ya Ufalme wa Mungu, hakuwa akitoa sheria ya hazina. Hata hivyo mtu yule hakuichukua akatoroka nayo usiku. Aliuza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua shamba lile. Kwa hiyo kijana wetu akaombe ruhusa kwa mwenye shamba, akafuate sheria za mahali alipo, au ajitolee na wataalamu kama wale wa Montana. Hifadhi aiache.

Nasi tuliobaki hapa tusidhani neno hili ni la mbali. Ardhi tunayolima tumekaribishwa. Jembe likigonga chungu cha kale, au mifupa, au kaburi la wazee wa wenyeji wetu, tusimame, tuwaite wenyewe. Kipande cha chuma tusichokijua tusikiguse, tutoe taarifa, maana huenda ni bomu. Kadi ya posho ikiokotwa njiani iletwe kanisani au kwa mwenyekiti wa kijiji siku ile ile. Mtoto akileta nyumbani kitu cha kuokota, tumuulize kwanza alikikuta wapi, kabla ya kuuliza ni cha bei gani.

Tunaomba kila siku kwamba huko tulikotoka awepo mtu mmoja mwaminifu, atakayekuta kile tulichofukia na kusema, “Hiki kina mwenyewe.” Tunaloliomba kwa wengine, na tuwatendee wengine.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote. Amina.