Mgeni Katika Mji Wake

Imeulizwa: mtu aliyehama mji wake, kisha akaurudia baada ya miaka mingi kwa kuutembelea tu, je, yeye humo ni mwenyeji au ni mgeni? Wengi huiona jawabu nyepesi. Husema, "Kitovu changu kimezikwa pale." Lakini kitovu si hati ya mji.

Mfano ulio karibu na watu wa pwani ni Mji Mkongwe wa Unguja. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi walitoka kisiwani, wakaenda Mombasa, Dubai, Maskati na Uingereza, na majumba mengi yakatwaliwa na serikali. Leo wazee wao hurudi kwa pasi za nchi nyingine, wakalala hotelini. Na pengine hoteli yenyewe ndiyo nyumba ya baba. Basi mtu hulipa kodi ya siku tatu, akapewa ufunguo wa chumba alichozaliwa. Amemiliki manfaa ya chumba mpaka asubuhi ya kuondoka, wala hamiliki hata msumari wa mlango. Dhiki hiyo si ndogo, na asiyepatwa nayo asicheke.

Mtume (s.a.w.) alizaliwa Makka, akaishi humo zaidi ya miaka 50. Alipoufungua mji mwaka wa 8 wa Hijra, na alipohiji mwaka wa 10, alisali humo rakaa mbili kama msafiri, na Muhajirina waliokuwa naye vivyo hivyo. Usama bin Zaid alipomwuliza kama atafikia nyumbani kwake, alimrudishia swali: je, Akil bin Abi Talib amewaachia nyumba yoyote? Mji alioupenda kuliko ardhi zote, akapigiwa hema.

Wala haisemwi kwamba haki ya mtu hufa. Aliyenyang'anywa nyumba ana njia ya kudai, na ghasbu haihalaliki kwa kupita miaka. Lakini mdai huja na hati na mashahidi. Huyu anayesemwa hapa amekuja na kamera. Amesimama mbele ya mlango wa nyumba iliyomlea, na ndani watu wengine wanaanika nguo. Ile amri ya Sura ya Nur, ya kutoingia nyumba isiyo ya mtu mpaka apige hodi na kuwatolea salamu walio ndani, sasa yamhusu yeye; na akiambiwa arudi, arudi. Hata picha ya kizingiti aiombe. Mzungu aweza kujitetea kwamba hajui lugha. Huyu aijua, tena ajua yule mzee wa barazani ni mtoto wa nani.

Lililo zito zaidi ni ulimi. Hajamaliza chai amekwisha kusema, "Mji umekufa." Kweli, Mji Mkongwe umeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na juu ya hivyo kuta zake hubomoka, kwani mawe ya matumbawe yataka chokaa mara kwa mara, na boriti za mikoko huoza mvua ikipenya darini. Lakini waliobaki ndio waliopaka chokaa walipoipata, ndio waliowauguza na kuwazika wazee wa waliohama. Na mara nyingi mlalamikaji huulilia ujana wake, akaudai kwa watu wa mtaa, nao hawakuuchukua.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi hawamwulizi msafiri aliyekwisha kuhama kwamba alizaliwa wapi. Humwuliza atakaa siku ngapi. Akinuia siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na siku ya kutoka, atatimiza sala. Asipozifikia, ana ruhusa ya kupunguza. Ila akimfuata imamu mwenyeji, humlazimu kutimiza pamoja naye. Basi huyu wa siku tatu, adhana ya adhuhuri ikimkuta karibu na msikiti aliosomea juzuu, huingia safuni, akasali nne bega kwa bega na majirani wa zamani, baadhi yao wasimtambue. Alasiri husali peke yake katika kile chumba cha kukodi, rakaa mbili.