Malezi ya Kijana na Dhamana ya Baba

Amma baad. Mji wa Karatu uko kwenye njia iendayo lango la Ngorongoro, nayo hupitwa na magari ya watalii. Vijana wa kiume huvutwa njiani kwa tamaa ya fedha. Mabinti huzuiwa nyumbani kwa kazi. Na wako waume wa Kimasai wa Ngorongoro walioshuka pwani, hata Unguja, kulinda milango ya watu. Je, mwenye kulinda mlango wa mwenziwe, wa kwake walindwa na nani?

Kijana akiiba, watu husema: mamaye hakumfunza. Hiyo ni dhulma. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mke akiachwa, haki ya kumlea mtoto mdogo ni ya mama kwanza, mpaka apambanue, yapata miaka 7. Na nafaka ni juu ya baba. Talaka huvunja ndoa, haivunji ubaba. Na Imam Nawawi ameeleza kuwa kuwafunza watoto ni wajibu wa baba na mama. Na neno *aulad* lakusanya wa kiume na wa kike. Basi kumchunga binti na kumwachilia mwana ni kushika nusu ya amri.

Huenda mtu akasema: Mtume (s.a.w.) naye alikuwa yatima. Naam, walakini alilelewa na babu yake, Abdul-Muttalib, kisha ami yake, Abu Talib. Hakuachwa pasi na mlezi.

Basi mwenye mlinzi mlangoni na ampe ujira wake kwa wakati, na ruhusa ya kurejea kwa wanawe. Wallahu aalam.