Kijani cha Chai na Uadilifu wa Mtindo
Msanii anayetaka kuchora kesho yenye matumaini, isiyoharibu mazingira, katika nyanda za Kericho na Bomet hukabiliwa na suala la kimaadili kabla ya lile la rangi. Mandhari ya mbali, kijani kisichokatizwa, ndiyo picha ya paketi za chai: humficha mchumaji na kuusahau ukoo wa Talai, uliohamishiwa Gwassi kwa sheria ya kikoloni ya mwaka 1934. Isitoshe, kijani hicho ni cha mmea mmoja. Je, mtindo wa karibu, unaoonyesha vidole, kikapu, hata mashine za kuvunia zilizochomwa mwaka 2023, hauna matumaini? Unayo, mradi msitu wa Mau nyuma ya mchumaji usipakwe rangi ya chai.