Obokano ya Ukutani

Ewe msomaji, nakuuliza: fundi akiisha kupokea fedha zake, je, ana haki ya kujali jinsi chombo alichokiuza kitakavyotumiwa?

Hapa Ogembo swali hili si la mzaha. Obokano, kinubi kikubwa cha Wagusii, ina nyuzi nane. Bakuli lake huchongwa katika gogo, kisha likawambwa ngozi ya ng'ombe. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi nailoni imeingia.

Basi waja wanunuzi wawili. Mmoja ni mpigaji, fedha zake haba, naye atarudi mara kwa mara kulalamika kuwa uzi mmoja wafifia. Wa pili ana fedha tele, ataka pambo la sebuleni. Amwuzie? Naam, maana watoto wa fundi hawali mngurumo. Kule Tabaka wachongaji wa mawe husomesha watoto kwa vinyago vya kutazamwa tu, wala sioni aibu humo.

Lakini kinyago kikitazamwa kimetimiza kazi yake, obokano bado. Tena pambo halidai ngozi iliyowambwa barabara. Fundi akizoea mnunuzi asiyesikia, mkono wake utajifunza ulegevu, na siku mpigaji atakapokuja, atauziwa ulegevu huo kwa bei ya kazi njema. Kwa hiyo tajiri na auziwe. Ila kwanza fundi azipatanishe nyuzi zote nane, apige walau wimbo mmoja, kana kwamba obokano ile itangojewa ngomani usiku ule ule.