Uhuru kwa Kibali cha Wazee

Mwezi uliopita, katika kikao cha ukoo hapa Sumbawanga, binti wa marehemu kaka yangu alinyimwa nafasi aliyopata katika shule ya bweni ya masista. Fedha zilikuwepo: mahindi yalishauzwa, na kaka yake alilipiwa ada palepale. Binti mwenyewe alikuwa jikoni anasonga ugali wa wajumbe. "Masista watamfundisha kutii tu," alisema baba mdogo. "Sisi tunataka binti huru."

Uhuru ni mtu kujiamulia mambo yake. Hilo halina ubishi. Kwamba misheni zilinufaika na kazi ya masista kwa gharama ndogo, nalo ni kweli. Kinachonichoma ni dai jingine la baba mdogo: kwamba masista wa kwanza walibadili bwana tu, wakatoka kwa baba wakaenda kwa askofu.

Shirika la masista Waafrika lilianzishwa Karema mwaka 1907 na Askofu Adolphe Lechaptois wa Mapadri Weupe. Leo ni Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Wazazi wengi waliwakatalia mabinti zao: mahari ingepotea, wajukuu wasingezaliwa. Binti aliyewakatalia baba na wajomba akaenda kujifunza kusoma na kufundisha, je, hakuamua? Utii ni wako pale tu ulipoweza kuukataa. Ule wa nyumbani nani aliruhusiwa kuukataa? Tena kijana wetu akiingia seminari ya Kaengesa ukoo mzima hushangilia, ingawa akipewa upadri naye ataahidi kumtii askofu. Mbona yeye haambiwi amebadili bwana?

Sisi Wafipa ndio tusingepaswa kusema hivyo. Wazee husimulia kwamba wanawake watatu wageni walifika Milanzi mtawala akiwa mawindoni, wakakalia kigoda chake. Hapo ndipo ulipoanza utawala wa Watwa, ukoo wa kifalme wa Ufipa. Simulizi hilo tunalipenda, na hatuulizi nani aliwaruhusu kukaa. Mabinti wa Karema tunawadai kibali mpaka leo.

Hata hivyo, ikiwa mbele yao palikuwa na milango miwili tu, wa mume na wa konventi, kuchagua mmoja ni uhuru kiasi gani? Siwezi kuuita uhuru kamili, wala sikubali kuuita bure. Ila anayefunga mmoja kati ya milango hiyo kwa jina la uhuru, kwanza atuonyeshe wa tatu.