Noti Zilizokosewa na Shilingi Iliyopotea
(Luka 15:8–10)



Wako watu ambao hutafuta fedha zenye kasoro. Huko Scotland hutafuta noti za plastiki zilizopigwa chapa vibaya au kukatwa upande. Nchi yetu nayo inazo zake. Vita vya 1914 vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani, noti zisiweze kuletwa kutoka Ujerumani. Mwaka 1915 zikapigwa chapa papa hapa Dar es Salaam. Na mwaka 1917, serikali ya Wajerumani ikiwa mbioni porini, rupia zilichapwa kwa herufi za mpira. Nyingine zikagongwa tai kichwa chini. Leo wakusanyaji hulipia hizo zilizokosewa.

Mkusanyaji huipenda kasoro kwa kuwa ni adimu. Je, Mungu atupenda hivyo? Hasha! Dhambi si adimu. Imejaa nyumbani mwetu, toka Kinondoni hata Temeke. Shilingi ya yule mwanamke haikuwa ya ajabu kupita zile tisa. Aliwasha taa na kufagia kwa sababu ilikuwa yake.

Tena, noti zile zilikuwa na ahadi ya malipo. Utawala wa Wajerumani ukaanguka, ahadi ikaanguka nao. Limebaki neno “hela”, jina la sarafu yao, vinywani mwetu. Walakini ahadi tuliyopewa katika Ubatizo haitegemei uzuri wa karatasi, bali uaminifu wake Yeye aliyeahidi; naye haanguki kamwe.

Basi, ndugu, tujipime. Katika mitaa yetu wako waliotengwa na Meza ya Bwana. Twawataja kisimani na sokoni, twaonyeshana makosa yao, huku tukifurahi kwamba si yetu. Huko nako ni kukusanya noti mbovu! Tumezihifadhi kasoro za ndugu zetu, nao wenyewe tumewaacha mavumbini.

Nanyi waalimu, msiketi mkingoja waje. Shilingi haikurudi yenyewe. Mwezi huu kila mmoja wetu na aende kwa mmoja aliyetengwa, aketi naye, asikie neno lake, asome naye, amwonyeshe njia ya kutubu na kurudi kundini. Na siku arudipo, tusimpokee kwa minong’ono, bali kwa furaha, maana hata malaika mbinguni watafurahi.

Amina.