Viti vya Bunge, Watu na Msitu

Rais Félix Tshisekedi wa Kongo alipotangaza huko Kisangani, Oktoba 2024, kwamba ataunda tume ya kuandaa katiba mpya, mjadala wote uligeukia muhula wake. Ndiyo kawaida yetu: katiba ikitajwa, macho yote kwa rais. Lakini mtu wa wilaya ya Masisi au Walikale, Kivu Kaskazini, hakutani na katiba kwenye muhula wa rais. Anakutana nayo pale anapotafuta wa kumsemea, iwe Goma au Kinshasa, na hilo ni suala la bunge: lina mabaraza mangapi, viti vinagawanywaje, na nani ana uwezo wa kulifunga.

Mpangilio huo umegeuzwa mara kadhaa. Nchi ilipata uhuru 1960 ikiwa na mabaraza mawili. Katiba ya Mobutu ya 1967 ikaifuta Seneti. Ikarudi 2003 na serikali ya mpito, na katiba ya Februari 2006 ikaithibitisha, wakichaguliwa maseneta na mabunge ya majimbo; sheria ya uchaguzi ikaweka wanne kwa kila jimbo, wanane kwa Kinshasa. Fikra iliyomo humo naipenda. Bunge la Taifa linahesabu watu. Seneti inahesabu mahali, ili jimbo dogo lisimezwe na kubwa.

Ila ukishuka ndani ya Kivu Kaskazini, mahali hapahesabiwi tena. Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu sehemu mbili kwa tano za jimbo zima. Masisi haifiki 5,000, lakini vilima vyake vimejaa watu. Kwa kuwa viti hugawanywa kwa idadi ya waliojiandikisha kupiga kura, Masisi inaizidi Walikale kwa wabunge, na kwa hesabu hakuna wa kulalamika. Basi msitu wote ule, pamoja na mgodi wa Bisie na kasiteriti yake, yaani madini ya bati, unabaki na sauti ndogo.

Sauti hiyo ilipimwa Septemba 2010. Joseph Kabila, rais wa wakati huo, akiwa ziarani Walikale kwenyewe, alisimamisha uchimbaji. Marufuku ikaenea Kivu zote mbili na Maniema, ikadumu hadi Machi 2011. Wabebaji waliokuwa wakitoka Bisie kwa miguu, mfuko wa kilo 50 mgongoni, wakakosa mzigo. Kilambo, ambako ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara kuyafuata madini hayo, biashara ikalala. Na katikati ya marufuku hiyo, Januari 2011, vifungu vinane vya katiba vikabadilishwa Kinshasa na wabunge na maseneta waliokaa pamoja, bila kura ya maoni. Wengi wanakumbuka kwamba uchaguzi wa rais uligeuka wa duru moja. Wachache wanakumbuka vifungu vya 197 na 198, vilivyompa rais uwezo wa kulivunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana panapozuka mgogoro mkubwa wa kisiasa.

Je, dawa ni kuipa kila jamii kiti chake? Tuliwahi kuonja kitu kama hicho. Barza ya wazee ya Kivu Kaskazini, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, iliwakalisha pamoja Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Wanande na wengine, bila kuuliza nani ni wengi. Ilituliza ugomvi mwingi, hadi wanasiasa walipoanza kuivutia kwao uchaguzi wa 2006 ulipokaribia. Naiheshimu, lakini nisingependa kuiona ndani ya katiba. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi, nyakati ambazo siasa ya jimbo ilikuwa ni kuhesabiana makabila. Kiti cha kabila humfanya jirani kuwa mpinzani kabla hoja haijatajwa. Kiti cha wilaya ni afadhali: Mhunde na Mhutu wa Masisi wanapita barabara moja, na tope lao ni moja.

Hata hivyo, kifungu cha 219 kinakataza kuigusa katiba wakati wa vita, wa hali ya hatari au wa utawala wa dharura wa kijeshi. Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala huo Mei 2021: gavana akawa jenerali, bunge la jimbo likasimamishwa, na muda ukawa unaongezwa siku 15 baada ya siku 15. Wapo wanaodai kwamba majimbo mawili hayawezi kuifunga mikono nchi nzima. Mimi nakisoma kifungu kile na sioni mahali kinaposema nchi nzima.

Tarehe 20 Desemba 2023 Masisi haikupiga kura. Januari 2025 Masisi mjini ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Walikale mjini ikafuata Machi, kisha wakaondoka Aprili. Kwetu kadi ya kura ndiyo kitambulisho, ndiyo inayoonyeshwa kwenye barieri, kwa hiyo kukosa kujiandikisha ni kukosa mengi kuliko kura. Kifungu cha 218 kinawaruhusu wananchi 100,000 kupendekeza mabadiliko ya katiba wao wenyewe. Ningetamani pendekezo la viti vya wilaya litoke Katoyi na Bashali za Masisi, na Wanianga ya Walikale, kwa njia hiyo. Lakini waliokimbilia kambi za pembeni ya Goma waliambiwa waondoke Februari 2025, na karatasi ya sahihi haijulikani ingepelekwa kijiji gani.